Kabla Hujaambiwa Bodi Imeungua

Kuna hukumu moja inayowagharimu watu wa Busia pesa nyingi kuliko hitilafu yenyewe: "Bodi imeungua, tafuta mashine nyingine." Bodi ni ule ubao mkuu wa ndani ya sipiyu. Anaambiwa mama mwenye duka la fotokopi. Anaambiwa wakala wa forodha ambaye malori yake yamesimama mpakani yakisubiri aingize nyaraka kwenye ASYCUDA, mfumo wa forodha wa URA, mamlaka ya mapato ya Uganda. Anaambiwa mwalimu aliyebeba sipiyu kwa bodaboda kutoka shuleni huku mtihani wa vitendo wa ICT wa senior six ukikaribia. Feni inazunguka, taa inawaka, monita imebaki na maneno No Signal, yaani hakuna ishara, na mtu aliyeitazama kwa dakika moja tayari ameshahukumu.

Mimi ni fundi upande huu wa Uganda, na mashine za mezani zisizoonyesha picha ndizo zinazojaza meza yangu. Kwa ninayoyaona kwenye meza hiyo, tundu la picha, yaani lile la nyuma ya sipiyu unapochomeka waya wa monita, likiwa limekufa kweli ni jambo la nadra. Mara nyingi tundu ni zima, ila picha inakatikia mahali pengine kati ya prosesa, ile chipu kuu ya mashine, na kioo cha monita, na mahali hapo panapatikana mtu akitulia, mara nyingine bila hata kufungua mfuniko. Inaniuma sana kuona mtu anauza mashine nzima kwa bei ya chuma chakavu kwa sababu ya adapta, kile kiunganishi cha tundu la aina moja na la aina nyingine.

Tuanze na mashine zenyewe zilikotoka. Nyingi ni za mtumba: Dell OptiPlex, HP, Lenovo ThinkCentre, zilizomaliza muda wake kwenye ofisi za Ulaya, zikashuka Kampala kwa kontena, kisha zikatufikia kwa basi, safari ya karibu kilomita 200. Sipiyu inatoka kontena hili, monita inatoka lile, na waya unatoka kwenye ndoo ya nyaya dukani. OptiPlex 7010, kwa mfano, nyuma ina tundu moja la VGA na mawili ya DisplayPort. HDMI haina. Hizo tatu ni aina za matundu ya picha. Ile 3020 ina VGA moja na DisplayPort moja. Mwenye monita ya HDMI akinunua mojawapo ya hizo, lazima atafute kitu cha katikati, na kitu hicho cha katikati ndicho nakishuku kabla ya kingine chochote.

Upande wa pili kuna wenye monita za VGA tupu. VGA ililetwa na IBM mwaka 1987, na picha inayopita humo ni ya analogi: rangi nyekundu, kijani na bluu kila moja kwenye waya wake, volti ikipanda na kushuka kadiri mwanga unavyoongezeka na kupungua. Desemba 2010 kampuni za Intel, AMD, Dell, Lenovo, Samsung na LG zilitangaza kwa pamoja kwamba zitaiacha, zikilenga mwaka 2015. Prosesa za Intel za kizazi cha sita, zilizotoka mwaka huohuo wa 2015, hazikuwa tena na VGA ndani yake. Lakini monita ya inchi 17 ya VGA bado inapiga kazi hapa kila siku, na mwenye nayo hana sababu ya kuitupa. Kwa hiyo mashine mpya kidogo na monita ya zamani kidogo zinakutana, na hazielewani mpaka awepo mkalimani.

Hapa ndipo watu wengi hawakuelezwa jambo moja dukani: adapta ina mwelekeo. Wakala mmoja alinijia akiwa amekasirika, waya mkononi.

"Fundi, hii waya ni mpya, nimenunua leo asubuhi. Basi tundu ndilo bovu."

"Mzee, nyuma ya sipiyu kuna tundu gani?"

"HDMI."

"Na monita?"

"Hiyo ingine, ya pembe moja iliyokatwa."

Yaani DisplayPort. Waya wake ulikuwa na kichwa cha HDMI upande mmoja na cha DisplayPort upande mwingine, vichwa vyote viliingia vizuri, na picha haikuja. Haikuja kwa sababu waya wa aina hiyo umetengenezwa kutoa picha kwenye DisplayPort ya kompyuta kwenda HDMI ya monita. Kinyume chake haufanyi. Tundu la DisplayPort la kompyuta lenye alama ya D na vijumlisha viwili pembeni linaweza kujigeuza: likihisi adapta ya HDMI imechomekwa, linatoa ishara ya HDMI lenyewe, kwa hiyo adapta rahisi isiyo na chipu ya kugeuza picha inatosha. Lakini tundu la HDMI halijui kusema lugha ya DisplayPort. Ili litoe picha kwenye monita ya DisplayPort unahitaji kigeuzi chenye chipu yake na umeme wake, kitu tofauti kabisa na waya ule, hata kama kwa macho vinafanana. Nilimpa waya wa VGA, maana sipiyu yake na monita yake vyote vilikuwa na VGA, picha ikaja, akarudi kazini.

Kwenda VGA ni jambo lingine tena. Kutoka DisplayPort au HDMI kwenda VGA lazima picha ya kidijitali igeuzwe kuwa analogi, kwa hiyo ndani ya kile kijadapta kuna chipu, na chipu inakula umeme kutoka kwenye tundu: volti 3.3 kwenye DisplayPort, volti 5 kwenye HDMI. Adapta hizi za bei nafuu huchoka. Hupata joto, huonyesha picha kwa dakika chache, hukata, hurudi. Nyingine zina katundu kadogo ka USB pembeni kwa ajili ya umeme wa ziada, na wenyewe hawajawahi kukatumia. Ukiona picha inakuja na kuondoka, shika adapta mkononi. Ikiwa ya moto sana, umeshapata pa kuanzia.

Na DVI, aina nyingine ya tundu la picha, ambayo bado ipo kwenye kadi nyingi za picha za zamani, vile vibao vya kuongeza vinavyotoa picha badala ya bodi: tazama ule mdomo mpana mweupe. Ukiona ile pini bapa haina vitundu vinavyoizunguka, hiyo ni DVI-D, haina analogi kabisa. Ukiona vitundu vinne vimeizunguka ile bapa, hiyo ni DVI-I, na kwa vitundu hivyo vinne VGA inapatikana kwa adapta rahisi. Nimeona adapta zilizovunjwa zile pini nne kwa koleo ili ziingie kwenye DVI-D. Zinaingia, ndiyo. Picha haiwezi kutoka, kwa sababu waliovunja wameondoa njia yenyewe ya picha.

Sasa twende kwa utaratibu ninaoufuata mimi. Naanza na monita, si sipiyu. Nachomoa waya wa picha kwenye monita na kuuacha umeme wake. Monita nzima ikikaa bila waya inapaswa kusema kitu. Za Dell huonyesha kiboksi kinachotembea kwenye kioo, ambacho ni jaribio lake la kujipima. Isiposema lolote, na kitaa chake hakiwaki, sipiyu haina kesi. Ikisema, naingia kwenye menyu yake na kutazama imewekwa kusikiliza tundu lipi. Monita yenye VGA na HDMI iliyowekwa kwenye VGA itasema hakuna ishara mpaka kesho, hata HDMI ikimwagiwa picha. Ile inayojitafutia yenyewe nayo mara nyingine hulala kabla sipiyu haijaamka, kwa hiyo naichagulia tundu kwa mkono.

Kisha naangalia wakati. Je, nembo ya Dell au HP inaonekana mwanzoni halafu kioo kinazima Windows inapoingia? Basi tundu ni zima, waya ni mzima, bodi ni nzima. Shida iko kwenye draiva, yaani programu inayoiwezesha Windows kutumia kifaa, au kwenye ukubwa wa picha ambao monita haiwezi, au Windows inapeleka picha kwenye tundu lingine. Kitufe cha Windows pamoja na P, halafu mshale na Enter, huirudisha mara nyingi. Sitakaa sana hapo, kwa sababu mashine ya namna hiyo haijaharibika.

Nembo isipoonekana kabisa, nauliza: kuna kadi ya picha imechomekwa? Geuza sipiyu uone nyuma. Matundu yaliyo juu, karibu na ya USB na kibodi, ni ya bodi. Matundu yaliyo chini, yamelala kwenye mistari ya chuma ya kadi, ni ya kadi. Kadi ikiwepo, mashine nyingi huzima matundu ya bodi zenyewe na kutuma picha kwa kadi tu. Mtu aliyenunua sipiyu yenye kadi, akachomeka VGA kwenye bodi kwa sababu ndilo tundu analolijua, atasema tundu limekufa. Halijakufa, limezimwa. Wakati mwingine utakuta kifuniko cha plastiki juu ya tundu hilo, na kifuniko hicho si cha urembo, kimewekwa kukuambia usichomeke hapo.

Kinyume chake pia kipo. Prosesa ya Intel ambayo jina lake linaishia na herufi F, kama i5-9400F, haina picha ndani yake. Prosesa nyingi za AMD Ryzen za kabla ya mwaka 2022 zisizo na herufi G nazo hivyohivyo. Bodi yake inaweza kuwa na HDMI inayong'aa nyuma, lakini hakuna kinachoilisha. Bila kadi, tundu hilo ni pambo. Vijana wanaojikusanyia mashine kipande kwa kipande hukutana na hili sana, na inasikitisha kwa sababu wanakuwa wameshamaliza pesa.

Kadi ikiwa ipo na waya uko kwenye kadi, fungua uone kama inataka umeme wake wa pembeni. Mkato wa bodi ambamo kadi huchomekwa unaipa hadi wati 75. Kinachozidi hapo lazima kitoke kwenye plagi ya pini sita au nane inayotoka kwenye pawa, kile kiboksi cha umeme ndani ya sipiyu. Pawa za sipiyu nyembamba za ofisini mara nyingi hazina plagi hiyo.

Kama hakuna kadi na hakuna nembo, sitazami tundu bado. Natazama RAM, vile vibao vyembamba vya kumbukumbu vilivyochomekwa kwenye bodi. Mashine ambayo RAM yake haisomeki haifiki hatua ya kutoa picha, kwa hiyo kwa mwenyewe inafanana kabisa na tundu bovu. Mashine zenyewe hujaribu kutuambia. HP za jina la Compaq hupepesa taa nyekundu: mara tano kisha kimya ni RAM, mara sita ni picha. Dell hugeuza taa ya kitufe kuwa ya manjano, na baadhi ya OptiPlex za zamani zina vitaa vinne vyenye namba 1, 2, 3 na 4 mbele. Hesabu kwanza kabla ya kushika bisibisi. Halafu zima, chomoa umeme, shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde thelathini ili chaji iliyobaki iishe, toa RAM zote, futa ile midomo ya dhahabu kwa ufutio wa penseli, pangusa vumbi la ufutio, rudisha moja tu. Ukimya ukiendelea, hamisha kwenye tundu la pili, au weka nyingine. Vumbi jekundu la barabara zetu linaingia kila mahali, na RAM iliyosafishwa imeshazirudisha kazini mashine ambazo zilikuwa zimeshaandikwa kuwa bodi zake zimeungua.

Betri ya CR2032, ile ya volti 3 iliyo kama shilingi, nayo itoe kwa dakika kadhaa umeme ukiwa umechomolewa. Mipangilio ya bayosi, ile programu ya bodi inayoamsha mashine kabla ya Windows, inarudi ya kiwandani, pamoja na ile inayoamua picha itoke kwenye bodi au kwenye kadi. Mashine iliyowahi kuwa na kadi, ikaondolewa, hufufuka hapo.

Baada ya yote hayo ndipo nachukua tochi na kuliangalia tundu lenyewe, na hapa naomba watu wawe na subira, kwa sababu kuna cha kuona. Kichwa cha waya wa VGA kina nafasi kumi na tano katika mistari mitatu. Ukikosa pini ya tisa katikati, usishtuke. Nyaya nyingi zimetengenezwa bila hiyo, na nyingine hazina ya nne na ya kumi na moja pia. Kinachotakiwa kukushtua ni pini iliyolala. Pini ya kwanza hubeba nyekundu, ya pili kijani, ya tatu bluu. Ya kwanza ikilala, picha inakuja lakini nyuso za watu zinakuwa za samawati. Ya kumi na tatu na ya kumi na nne hubeba mpigo unaoiambia monita mstari unaanzia wapi na ukurasa unaanzia wapi; moja ikikosekana, monita inaweza kukataa kabisa na kulala. Ya kumi na mbili na ya kumi na tano ndizo kompyuta inazotumia kuiuliza monita, wewe ni nani na unaweza ukubwa gani. Zikikatika, mashine nyingine huona kana kwamba hakuna monita, zikanyima picha. Pini iliyolala inanyooshwa taratibu kwa ncha ya sindano au ganda tupu la kalamu ya Bic, mara moja tu. Ukiipinda na kuinyoosha tena na tena inakatika.

DisplayPort ina ugonjwa wake. Kichwa chake mara nyingi kina ndoano mbili ndogo zinazoshika tundu, na kitufe cha kuzifungua juu yake. Mtu asiyejua huvuta kwa nguvu, na tundu linang'oka kwenye bodi au linalegea, likawa linaonyesha picha ukilisukuma juu kwa kidole. Hilo ni tundu bovu kweli, na dawa yake ni kulehemu upya kwa mkono wenye uzoefu. Pia kuna nyaya za DisplayPort zilizotengenezwa vibaya, ambazo pini ya ishirini imeunganishwa pande zote mbili ilhali kiwango cha VESA, shirika linaloweka kanuni za DisplayPort, hakitaki hivyo. Umeme wa volti 3.3 wa monita unarudi ndani ya sipiyu, na mashine inakataa kuwaka au inawaka bila picha. Ukichomoa waya inaamka vizuri. Ukiona tabia hiyo, tupa waya, usiuze mashine.

Kinachoua tundu, likifa kweli, hapa kwetu ni umeme. Nendeni mkaangalie soketi za maduka yetu. Plagi ya miguu miwili imesukumwa kwenye soketi ya miguu mitatu kwa kuchokonoa tundu la juu na kalamu. Ekstensheni ina matundu matatu lakini ndani waya wa ardhi haujafungwa popote. Sipiyu isiyo na ardhi, kwenye umeme wetu wa volti 240, bati lake huelea kwenye karibu nusu ya volti hizo. Mkondo wake ni mdogo. Utausikia kama msisimko unapopitisha mgongo wa mkono juu ya bati. Lakini chipu ya picha inaishi kwa volti chache tu, na siku utakapochomeka waya wa HDMI kutoka kwenye projekta au televisheni iliyo kwenye soketi nyingine, tofauti hiyo inatafuta pa kupitia, na inaweza kupitia humo. Zima vyote viwili na uchomoe umeme kabla ya kuunganisha waya wa picha. Viweke kwenye ekstensheni moja yenye ardhi iliyopimwa. Fundi wa umeme wa nyumba atakupimia ardhi hiyo kwa muda mfupi, na gharama yake haifiki ya bodi.

Radi nayo. Ukanda huu wa Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi sana duniani, na watu wamejifunza kuchomoa plagi wingu likifunga. Vizuri. Lakini wanaacha waya wa mtandao na ule waya mrefu wa projekta uliopita darini mwa darasa. Msukumo wa radi hauhitaji plagi, waya mrefu wowote unatosha. Chomoeni vyote.

Na likithibitika limekufa, bado mashine haijafa. Jaribu kwanza tundu la pili, maana OptiPlex yenye VGA iliyoungua inaweza kuwa na DisplayPort mbili nzima ambazo hazijawahi kuguswa, na adapta nzuri inamaliza kazi. Kama yote yamekwenda, kadi ndogo ya picha ya mtumba inatosha kwa ofisi. Kadi ya GT 710, kwa mfano, inakula wati 19 tu, haitaki plagi ya pembeni, na nyingi zina VGA, HDMI na DVI. Sipiyu ikiwa nyembamba, ulizia kadi fupi na uhakikishe imekuja na kile kibati kifupi cha kuifungia, la sivyo mfuniko hautafunga. Adapta ya USB ya kutoa picha ni ya mwisho kwangu, kwa sababu inategemea draiva ya Windows: hutaona bayosi wala nembo kupitia kwayo.

Yule mama wa fotokopi aliniuliza, "Fundi, kwani nilete nini, sipiyu peke yake?" Hapana, mama. Leta sipiyu, leta monita, leta waya uleule wa picha na adapta yake, na kama unaweza, ekstensheni unayotumia dukani. Ukileta sipiyu peke yake nitaichomeka kwenye monita yangu kwa waya wangu, itawaka, utairudisha dukani, na haitaonyesha kitu.